Mjomba wa Chumba cha Giza

Miaka haimjii mtu kwa kishindo. Humjia kwa mwendo wa paka, naye hatambui kuwa imepita mpaka azione nyayo zake katika nyuso za wenzake. Mwanamke ambaye habari zake nazisimulia aliingia kiwanda cha kupiga chapa akiwa msichana wa kufagia mabaki ya karatasi, katika siku ambazo herufi za risasi zilipangwa moja moja kwa mkono, kama mtu achambuavyo mchele. Zama hizo zikaondoka, zikaja zama za filamu, kurasa zikawa zinaoshwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza kilichokuwa nyuma ya jengo. Nazo zikaondoka, zikaja kompyuta. Kila zama ilipoaga iliaga pamoja na mafundi wake, isipokuwa yeye. Alijifunza upya, akazeeka, akajifunza tena. Na hapa tunapomkuta, nywele zake zimekwisha kuwa rangi ya majivu, na hakuna mashine kiwandani humo ambayo hakuigusa kwa vidole vyake.

Walimwita Mama Nyaya, kwa kuwa yeye ndiye aliyeutandaza mtandao wa jengo zima. Nyaya zilipita chini ya meza, juu ya dari na ndani ya kuta, naye alizijua kama mshonaji ajuavyo nyuzi za nguo aliyoikata mwenyewe. Kompyuta zote alizitilia mfumo wa Linux, kisha akazipa majina ya jamaa. Mtambo wa kuchoma mabamba ya chapa uliitwa Babu, maana ulikwenda taratibu na haukupenda kuharakishwa. Printa ya kutolea nakala za kusahihishia iliitwa Shangazi, maana haikuacha kulalamika. Na ile seva iliyohifadhi kazi za watu aliiita Mjomba. "Mjomba," alikuwa akisema, "ndiye unayempelekea neno usiloweza kumpelekea baba."

Mjomba alikuwa mwaminifu kwelikweli. Kila mpangaji wa kurasa alifunguliwa chumba chake tu, kwa neno lake la siri. Aliyeingia aliandikwa, na aliyetoka na kitu aliandikwa. Ufunguo wa nyumba nzima alikuwa nao Mama Nyaya peke yake. Waandishi, wakunga, waganga na walimu waliokabidhi miswada yao pale walilala usingizi kwa sababu hiyo.

Lipo jambo moja ambalo msomaji hana budi kulifahamu, nalo ni jepesi. Kompyuta haitosheki na jina fupi. Ukiiambia "mjomba", hulibandika jina hilo mbele ya jina la ukoo ililopewa, kisha huenda kwa mtunza majina wa mtandao, huduma ambayo mafundi huiita DNS, ikauliza: mtu huyu wa ukoo huu anakaa wapi? Mtunza majina hujibu kwa namba, na kompyuta huifuata namba hiyo mpaka mlangoni. Ikiwa imepewa koo mbili, hujaribu ule wa kwanza kabla ya wa pili, na atakayetangulia kuitika ndiye anayepewa kazi. Kiwandani humo hakuna aliyeandika jina kamili. Desturi ilikuwa jina fupi, na Mama Nyaya ndiye aliyeiasisi. "Nani humwita mjomba wake kwa jina la ukoo?" aliwauliza wapangaji wapya, wakacheka, wakaizoea.

Alikuwa na binti mmoja. Binti huyo aliolewa na kijana ambaye Mama Nyaya alimfundisha kazi kiwandani humo tangu hajui kukaza skrubu. Siku ya harusi mama aliwapa kompyuta aliyoiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, na chini ya kasha lake akaandika kwa wino usiofutika: Kwa wanangu, mjengeane. Kompyuta ikakaa sebuleni kwao chini ya kitambaa cha kufumwa, na mjukuu alipopata vidole vya kubandika, akaibandika kifuani picha ya bata wa manjano.

Mkwe huyo alikuwa na adabu ya kumchukulia mama mkwe mkoba mpaka lango la nje. Mwaka uliotangulia alimwambia, "Mama, hii ruta niachie mimi. Kupanda ngazi kila siku kwa magoti hayo, ukianguka nitamweleza nini mke wangu?" Mama Nyaya akafurahi kuonewa huruma. Akampa neno la siri la ruta, yaani kile kisanduku cha juu ya ukuta kinachozigawia kompyuta zote namba zao, na pamoja na namba, jina la ukoo.

Basi kiwanda kilipokea kazi kubwa: kitabu cha maradhi ya watoto wachanga kwa wakunga na wauguzi. Mhariri wa kusahihisha alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, aliyeitwa Bi Nukta kwa sababu hakusamehe nukta iliyopotea. Mpangaji wa kurasa alikuwa kijana msemaji, aliyeitwa Kasuku bila haja ya maelezo. Sehemu ya kwanza ikapigwa chapa. Asubuhi yake Bi Nukta akaingia na karatasi mbichi mkononi, ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya.

"Nani amemfufua maiti niliyemzika mimi mwenyewe?"

"Maiti gani tena, Bi Nukta?" Kasuku akauliza.

"Soma hapa. Mtoto wa miezi sita anyweshwe vijiko vinne! Niliandika nusu kijiko, nikapiga mstari, nikatia saini. Huyu mtoto akifa, nani atakwenda kumwambia mama yake?"

"Mimi nilirekebisha, wallahi. Njoo uone." Kasuku akafungua ukurasa kwenye kompyuta yake. Nusu kijiko. Bi Nukta akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

Mama Nyaya, ambaye kazi yake ilikuwa kuzitoa kurasa kwa Mjomba na kuzipeleka kwa Babu, akaenda kuufungua ukurasa uleule kwa Babu. Vijiko vinne.

Mwenye kiwanda waliyemwita Mzee Wino aliitwa. Alikuwa mtu wa haki na mpole, na siku hiyo upole wake uliumiza kuliko ukali.

"Mama Nyaya, Kasuku amerekebisha. Bi Nukta ameona. Kazi imeingia mikononi mwako ikatoka mbovu. Nikuulize nini?"

"Muulize Mjomba, Mzee. Wawili hawawezi kumfungua mtu mmoja wakakuta mambo mawili."

"Mjomba ni bati na nyaya. Nakuuliza wewe." Akayatazama yale maribota ya karatasi zilizoharibika yaliyokuwa yakisukumwa kwenda kukatwakatwa. "Umefanya kazi hapa kabla sijaota ndevu. Sehemu ya pili ikitoka hivi, tutakuaga kwa heshima, ukapumzike. Si aibu mtu kuchoka."

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Jioni alimchukulia mkoba kama kawaida. "Mama, usilitie moyoni. Labda ulivuta faili za zamani. Hata mimi husahau."

"Sikusahau, baba."

"Nasema labda, Mama."

Lililokuwa hatarini halikuwa kazi peke yake. Mwanamke aliyeishi kwa kukumbuka kila waya ulikotoka na ulikokwenda alikuwa ameambiwa, kwa sauti za upole, kwamba akili yake inavuja. Akaanza kurudi jikoni kuhakikisha kwamba jiko limezimwa, na kila mara alilikuta limezimwa.

Kesho yake aliketi kwenye kompyuta ya Kasuku. Akaiuliza: mjomba anakaa wapi? Ikampa namba asiyoijua. Akaenda kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambayo tangu zamani alikuwa ameiandikia mambo yake kwa mkono isitegemee ruta, akauliza swali hilohilo. Ikampa namba ya Mjomba aliyemjua. Na Babu, aliyeandikiwa kwa mkono vivyo hivyo, naye aliifuata namba hiyohiyo. Akarudi kwa Kasuku, akafungua faili la resolv.conf, ambamo kompyuta huweka anwani ya mtunza majina pamoja na koo inazopaswa kujaribu. Akakuta koo mbili. Ule wa pili ulikuwa wa kiwanda. Wa kwanza hakuwahi kuuona.

Akaufuta ule mgeni, akahifadhi, akauliza upya. Mjomba akaitika kutoka pale pake. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akaenda kumweleza Mzee Wino kwamba ugonjwa umeonekana.

Asubuhi iliyofuata Mzee Wino alikuja kuona mwenyewe. Kompyuta ya Kasuku ilipowashwa, ukoo mgeni ulikuwa umekaa palepale kwenye kiti cha mbele, kana kwamba hakuna aliyewahi kuuondoa.

"Niliufuta," Mama Nyaya akasema.

Mkwe akainama karibu naye, akasema kwa sauti ambayo Mzee Wino aliisikia: "Mama, uliufuta kweli, au ulitaka kuufuta?"

Mimi nilipohadithiwa kikao kile niliona kwamba swali hilo lilikuwa kisu chenye mpini wa asali, kwani mwenye kuulizwa hivyo huanza kujiuliza mwenyewe, na akishajiuliza, muulizaji hana kazi tena.

Siku hiyo hakula. Aliswali, akakaa juu ya mswala wake kitambo, kisha akarudi kwenye faili lile akalisoma kuanzia mstari wa juu kabisa, ule ambao watu huuruka. Pale juu mashine ilikuwa imeandika onyo: faili hili hujiandika lenyewe, usilihariri kwa mkono, utakayoyaandika yatafutwa. Akajipiga paji la uso. Alikuwa amewafundisha wanafunzi wake wote onyo hilo, na mkwe wake miongoni mwao. Hakuwa amesahau kufuta. Alifuta kwenye ndoo, ilhali bomba lilikuwa likiendelea kumwaga. Na bomba lilikuwa ruta.

Hapa ndipo inapojulikana imani aliyokuwa nayo kwa kijana yule, kwamba hata baada ya kujua hayo hakumshuku. Alidhani kijana amekosea kuandika, kama akoseavyo kila mwenye kazi nyingi. Akamwendea.

"Baba, hebu nitazamie ruta. Inagawa ukoo usio wetu."

"Nimeshaangalia, Mama. Ruta ni safi."

"Safi?"

"Kama meno ya mtoto."

Akamwamini. Akaenda kuitafuta hitilafu kila mahali isipokuwa pale alipokuwa ameambiwa kwamba haipo.

Mlango ulifunguka kwa njia ambayo hakuitarajia. Alikuwa kwenye kompyuta ya Kasuku, anajaribu kumfungua Mjomba kwa neno lake la siri, na vidole vikateleza, akaandika upuuzi. Mjomba akafunguka. Akafunga, akaandika upuuzi mwingine kwa makusudi. Mjomba akafunguka tena, kwa tabasamu lilelile.

"Kasuku," akasema polepole, "huyu si Mjomba."

"Ni nani sasa?"

"Sijui. Lakini Mjomba wangu hamfungulii asiyemjua. Huyu anamfungulia hata mlevi."

Wanazuoni wa kale, Mungu awarehemu, waliijua hatari ya namna hii kabla umeme haujatoka mawinguni. Walitunga vitabu vizima vya kuwatenganisha wapokezi wa habari za Mtume walioshirikiana jina, mmoja mkweli na mwingine mwongo, wala hapakuwa na kinachowabainisha ila nasaba; na aliyelipokea jina fupi bila kuuliza "mwana wa nani?" alipokea uongo kwa mikono miwili akiudhani amana. Mama Nyaya hakuvisoma vitabu hivyo, lakini siku ile aliuliza swali lao.

Alimpigia hodi yule mgeni kwa mtandao, akapima muda wa jibu. Jibu lilirudi kabla ukope haujashuka. Mtu wa mbali hajibu hivyo. "Yumo ndani ya nyumba hii," akasema. Akaenda kwenye swichi ya mtandao iliyokuwa ukumbini, ambako nyaya zote za jengo hukutana, akamwacha Kasuku mbele ya skrini na agizo la kupiga kelele Mjomba atakapoacha kuitika. Akachomoa waya wa kwanza.

"Bado anaitika!" Kasuku akapaza sauti.

Akaurudisha, akachomoa mwingine.

"Bado! Huyu ana roho ya kobe!"

"Nani amenizimia Shangazi?" Bi Nukta akalalamika kutoka chumbani kwake. "Ana ukurasa nusu mdomoni!"

"Mvumilie, Bi Nukta, tunatafuta maiti yako!" Kasuku akamjibu, kisha akanyamaza, na kwake kunyamaza kulikuwa habari. "Mama Nyaya! Amekufa! Huo huo ulioushika!"

Ulikuwa waya mweupe mpya miongoni mwa nyaya zilizochakaa, na hakuuweka yeye. Akauchomeka tena, akaufuata kwa kiganja juu ya ukuta, kama kipofu afuatavyo kamba, ukumbini mpaka mwisho, ukashuka nyuma ya kabati, ukapenya chini ya mlango wa chumba cha giza. Hakuna aliyeingia humo tangu zama za filamu, na hivyo hapakuwa na aliyejisumbua kukifunga. Aliusukuma mlango. Nyuma ya beseni kavu za dawa, mbele ya ribota la karatasi zilizopinda, kulikuwa na taa moja ya kijani na mvumo mdogo wa feni. Akawasha tochi ya simu.

Bata wa manjano alimtazama.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuhitaji kugeuza kasha ili asome yaliyoandikwa chini, lakini aligeuza. Kwa wanangu, mjengeane. Kisha neno moja dogo likamrudia, ambalo lilimchoma wakati ule naye akaliacha lipite. Aliwatembelea, akaona kitambaa cha kufumwa kimekunjwa juu ya meza tupu, akauliza kompyuta iko wapi, na binti akasema, "Tumeipeleka kwa fundi, Mama." Alirudi nyumbani akijiuliza: fundi yupi, na mimi nipo hai?

Akampigia simu binti yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ile kompyuta yenu imeshapona?"

"Bado, Mama. Bado iko kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Yule… baba mtoto ndiye anayemjua."

"Nimeketi mbele yake, mwanangu. Bata wa mjukuu wangu ananitazama."

Upande wa pili mtoto alikuwa akiimba na kugonga sufuria.

"Mama, alisema ni kwa muda tu. Alisema hakuna atakayeumia."

"Walipokuwa wananiambia nimechoka, nikaja kwako nikalia, ukanipangusa kwa kanga yako. Siku ile ulijua?"

"Mama, nifanyeje? Ni mume wangu."

"Sikukuuliza ni nani wako. Nimekuuliza, ulijua?"

Sufuria ikagongwa, ikagongwa tena.

"Nilijua."

Akaikata simu kwa utaratibu, kama mtu afungaye mlango wa chumba chenye mgonjwa. Alipoinua macho, mkwe wake alikuwa mlangoni. Makelele ya Kasuku yalikuwa yamemfikia.

"Mama, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza."

Akaeleza, na hakuficha. Kiwanda kipya cha upande wa pili wa mji kilimwahidi ukuu wa mafundi endapo angekwenda na kurasa kamili za kitabu kile, ili wao wakitangulize sokoni. Kwa Mjomba hakuweza kuiba bila kuandikwa. Ndipo aliposimamisha Mjomba mwingine gizani, akautia ukoo mgeni mbele ndani ya ruta, kazi za wapangaji zikawa zinaingia kwake zenyewe. Kila jioni alizinakili na kumpelekea Mjomba wa kweli kwa jina la Kasuku, asijue mtu.

"Siku ile nilichelewa kunakili, Mama. Basi."

"Nilipokuwa nimesimama mbele ya Mzee, nawe mlangoni, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniuliza kama nilifuta au nilitaka kufuta."

Akatazama chini. Kisha akasema maneno ambayo Mama Nyaya hakuwahi kuyarudia kwa mtu yeyote ila mara moja. "Mama, wewe hapa umebakiza nini? Mimi ndiyo naanza. Sema umekosea, wakuage vizuri, yaishe. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya binti yako, kwa ajili ya mwanawe. Ukisema ukweli, unaivunja nyumba yao wewe, si mimi."

Mama Nyaya alilifikiri neno hilo kwa kitambo, kwani lilikuwa na uzito. Angeweza kuibeba aibu. Mabega ya mama yamebeba mizito zaidi. Lakini akaona mtoto wa miezi sita na vijiko vinne.

"Ingekuwa ni kitu changu, baba, ningekupa," akasema. "Jina langu ningekupa. Kurasa hizi ni za watu. Nenda kwa Mzee useme mwenyewe. Ukisema mwenyewe, nitasimama upande wako, na kama ni kupiga magoti nitapiga mimi."

Mkwe akaondoka haraka. Mama Nyaya akabaki juu ya ndoo, na moyoni mwake, Mungu amlipe kwa hilo, alikuwa tayari anatunga maneno ya kumwombea msamaha.

Alipoitwa, aliikuta kompyuta ya harusi imekwisha kufikishwa juu ya meza ya Mzee Wino, imelazwa ubavu, maandishi yanaonekana. Mkwe amesimama kando, mikono nyuma.

"Mama Nyaya," Mzee Wino akasema, "huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Na mashine hii aliinunua nani?"

"Vipande vyake vyote nilinunua mimi."

"Mkweo anasema ameikuta chumba cha giza. Anasema wewe ndiye uliyeiweka, na kwamba alikuwa ananyamaza kwa kuwa wewe ni mama yake."

Wahenga walisema adui wa mtu ni mtu wake. Mama Nyaya alimgeukia yule kijana, akamtazama kama mtu anayesoma ukurasa alioupanga mwenyewe na kuukuta umejaa makosa asiyoyaandika. Hakulia. Akamwomba Mzee Wino afuatane naye mpaka meza ya Kasuku.

Pale alimwonyesha ukoo mgeni, akaufuta mbele ya macho yake. Akachomoa waya wa mtandao, akauchomeka tena, kompyuta ikaomba namba upya. Ukoo mgeni ukarudi.

"Mimi sijagusa kitu," akasema. "Umeletwa na ruta. Sasa mwulize ruta anamfungulia nani."

Akalileta lango la ruta kwenye skrini, akaandika neno la siri alilolijua. Likakataliwa. Akaandika tena, polepole, herufi moja moja, Mzee Wino akisoma vidole vyake. Likakataliwa.

"Fungua wewe," Mzee Wino akamwambia mkwe.

"Nimelisahau, Mzee. Muda mrefu sijaingia."

"Eh!" Kasuku akaropoka, kabla hajafikiri kama inamfaa. "Si juzi umeingia hapahapa ukiniwashia intaneti? Ukaniambia nigeuke ukutani!"

Hakuna aliyecheka. Mkwe akaandika. Lango likafunguka, na ndani yake koo mbili zikaonekana, mgeni mbele na mwenyeji nyuma, na chini yake jina la mjomba limefungwa kwenye namba ya chumba cha giza. Mzee Wino alisoma hadi mwisho. Kisha akageuka.

"Nimekuwa nikimwambia mtu mzima kwamba amepungukiwa."

Mkwe aliondoka siku hiyo hiyo, na mara hii hakuchukua mkoba wa mtu. Kiwanda kile kingine hakikumtaka tena, kwa kuwa msaliti aliyeshikwa hana bei. Mzee Wino alimwomba Mama Nyaya radhi mbele ya wafanyakazi wote. Naye akapokea kwa kichwa, akaomba ruhusa ya kuendelea na kazi. Watu walidhani angefurahi. Yeye alikuwa ameshinda kesi ambayo angetoa kila kitu ili aishindwe.

Akaung'oa ukoo mgeni. Akavunja pia desturi yake mwenyewe: tangu siku hiyo kila kompyuta ilimwita Mjomba kwa jina kamili na ukoo wake, na mwisho wa jina akatia nukta, ambayo kwa lugha ya mitandao humaanisha kwamba jina limekwisha, usibandike kingine.

"Leo umeingia dini yangu," Bi Nukta akamwambia, akichungulia juu ya miwani.

"Nimechelewa kuslimu, Bi Nukta."

"Aliyechelewa si sawa na aliyekataa." Akamwachia kikombe cha chai mezani, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Sehemu ya pili ilitoka, na ya kwanza ikarudiwa. Nusu kijiko, mahali pote. Hata hivyo, siku za mapumziko ambazo binti alizoea kuja na mtoto zilipita kavu. Simu iliita upande wa pili mpaka ikachoka. Kompyuta ya harusi alirudishiwa. Akaiweka sebuleni kwake, akaifunika, na kila alipoipangusa vumbi kitambaa kiliuzunguka mwili wa bata bila kumgusa.

Jioni moja, jua bado lipo dirishani, simu yake iliita kwa namba ya binti. Akaipokea. Akasikia pumzi ndogo, ya karibu mno na kipaza sauti.

"Bibi, bata wangu yuko kwako?"

"Yupo, mume wangu."

"Analia?"

"Halii. Anauliza utakuja lini."

Nyuma ya mtoto kulikuwa na mtu mwingine anayepumua, mtu mzima, anayesikiliza. Mama Nyaya aliijua pumzi ile tangu ilipokuwa ya kwanza duniani. Hakuita jina. Alingoja, na yule mwingine hakusema, wala hakukata. Wakakaa hivyo, mtoto akisimulia habari za kiatu kilichoanguka chooni, mpaka simu ikaisha pesa yenyewe.

Ewe Mola unayemjua kila kiumbe kwa jina na nasaba, ambaye hawakuchanganyikii wawili walioshirikiana jina, mweke Mama Nyaya katika hifadhi Yako, umtunzie akili yake na nuru ya macho yake. Mpe binti yake ulimi wa kusema neno lililokaa kooni mwake, na umpe mama sikio la kulipokea. Mkuze mjukuu wake katika ukweli. Na yule aliyeijenga nyumba yake gizani, mwonyeshe kuwa mlango ungali wazi. Uwakusanye wote chini ya paa moja kabla siku zao hazijatimia, nasi pamoja nao. Amina.